Kaa Wasio na Alama

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi katika maji ya kufika vifundoni, na ndani ya ngumi yake ya kulia mlikuwa na kaa aliye hai.

Inspekta Mayaka alichutama ukingoni mwa kijito cha Osiri akamtazama yule kaa akihangaika kati ya vidole vilivyokwisha kukakamaa. Tumbo lake likaanza kumchoma. Lilikuwa tumbo korofi, lenye kuuma kabla ya mvua, kabla ya uhamisho na kabla ya kesi mbaya, na kwa upande wa kesi halikuwahi kukosea.

"Piga picha kwanza," alimwambia Konstebo Ongeri. "Halafu ufungue hivyo vidole polepole."

"Kaa naye ni kielelezo, afande?"

"Leo kila kitu ni kielelezo. Hata wewe, ukiendelea kukanyaga hapo."

Marehemu hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa Caleb Oyaro, mtafiti kutoka Rusinga, ambaye kwa miaka mitatu alikuja Osiri kila mwezi kuhesabu kaa. Kazi gani hiyo, watu waliuliza, ya mtu mzima mwenye digrii? Wakamwita Mhesabu Kaa, na yeye akaitika na kucheka nao.

Kicheko kiliisha mwezi wa sita mwaka ule wa 1997. Wafugaji wa chini ya kijito walikwenda kwa chifu kulalamika kwamba ng'ombe wao wanatupa mimba. Walisema lawama ni ya kambi ya dhahabu, inayosafisha mchanga kwa zebaki na kumwaga matope majini. Wachimbaji wakasema hizo ni fitina. Chifu naye hakutaka kuonekana amelalia upande wowote, kwa hiyo akaikabidhi kesi kwa kaa. Caleb angehesabu mpaka mwisho wa Agosti. Kaa wakiwa wamekwisha, maji yana sumu na kambi inafungwa. Kaa wakiwapo, kambi inabaki.

Agosti ilikuwa imebakiza siku chache tu, na mhesabu alikuwa amelala majini.

Kisogoni alikuwa na jeraha moja. Ukingoni, hatua chache kutoka miguuni pake, palikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki, kifuniko chake kimetobolewa matundu. Ndani yake kulikuwa na kaa wengi waliofunikwa kwa majani mabichi.

"Alikuwa amemaliza kuvua," Ongeri alisema.

"Ndiyo," Mayaka alisema, na hapo akakosea.

Kabla ya saa sita mchana walikuwa na mshukiwa. Kambi nzima ilimsikia Otieno, mchimbaji wa shimo la juu, akimfokea Caleb jana yake: "Endelea kuhesabu tu! Iko siku wewe ndio utahesabiwa!" Walipofika kwake walimkuta ameketi nje ya kibanda, mikono ameshaiweka tayari kwa pingu.

"Ni mimi nimeua," alisema. "Twende."

Mayaka alimhoji katika kituo cha Migori, katika chumba chenye dirisha moja lisilofunguka.

"Ulimpiga na nini?"

"Mtaimbo."

"Wapi?"

"Kichwa."

"Kichwa ni kikubwa. Wapi?"

Otieno alisita. Kisha akagusa paji la uso wake. "Hapa."

"Mara ngapi?"

"Mingi. Nilikuwa na hasira."

"Na mtaimbo?"

"Nilitupa kwa shimo."

"Shimo gani?"

"Afande, si nimekubali? Unataka nini ingine?"

"Nataka kujua ile ndoo ya kaa ni ya nani."

Macho ya Otieno yaliruka mara moja, kama ya mtu aliyesikia mlango ukifunguka nyuma yake. "Ni yake. Alikuwa ametoka kuwashika."

"Ulimwona akiwashika?"

"Nimesema ni yake. Niandikie nitie kidole."

Mkuu wa kituo, mtu aliyependa kesi fupi na chai ndefu, hakuona tatizo lolote. "Mtu amekiri, Mayaka. Sasa unataka akuimbie? Ijumaa anasimama kortini."

"Amekiri vibaya, mkuu."

"Kukiri ni kukiri."

Jioni ile Daktari Sheila alimaliza uchunguzi wa maiti. Alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno, kwa kuwa wateja wake hawakumjibu.

"Pigo moja," alisema akivua glavu. "Kisogoni, kwa kitu butu, jiwe pengine. Na si pigo lililomuua. Lilimzimisha tu. Mapafu yamejaa maji."

"Maji yale hayafiki hata goti, daktari."

"Mtu aliyezirai anaweza kuzama ndani ya karai. Yeyote angemgeuza uso juu, saa hii Caleb angekuwa hapa ananiomba dawa ya kichwa."

Mayaka alirudi kituoni. Kisheria kazi ilikuwa imekwisha, na ndicho kilichomtisha. Mtu asiyejua hata pigo lilipigwa wapi alikuwa anakimbilia kitanzi kwa miguu yake mwenyewe, na kila mlango aliopitia ulifunguliwa haraka. Chakula alichopelekewa seli alikigawa chote kwa wenzake. Watu hawafi hivyo kwa ajili ya kambi, Mayaka aliwaza. Watu hufa hivyo kwa ajili ya mtu.

Langoni alimkuta aliyeleta hicho chakula, mkewe Otieno, Phelesia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, amevaa koti la kiume la kahawia lililomfika magotini, mfuko wake mmoja umeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Mama, jioni imeingia. Ingia umsalimie mzee, kisha uende nyumbani."

"Nitakaa tu hapa, afande." Hakuinua macho. "Amekula?"

"Amekula," Mayaka alidanganya. Baadaye hakujua kwa nini alidanganya jambo dogo namna ile.

Alhamisi asubuhi alifunga ile ndoo nyuma ya Landrover, na Ongeri akaendesha hadi Homa Bay. Huko, katika chumba walichokodi nyuma ya duka la nyavu, ndiko Caleb alikofanyia kazi pamoja na mtafiti mwenzake, Joyline. Mayaka alimkuta Joyline ameketi mbele ya beseni la kaa, macho mekundu, kana kwamba aliwaona wale kaa kuwa ndio wafiwa wenziwe.

"Pole sana, dada."

"Asante." Kisha akaiona ndoo. "Hiyo nini?"

"Ndoo yenu. Ilikuwa kando ya marehemu."

"Si yetu."

"Ndoo hufanana."

"Inspekta, sisi hatuna ndoo. Sisi hatubebi kaa." Alichukua kaa mmoja kutoka kwenye beseni, akamshika kwa ustadi, makucha yakikata hewa. "Unamshika, unapima upana wa gamba, unaangalia ni dume au ni jike. Unampaka tone la rangi ya kucha mgongoni, unamrudisha palepale ulipomtoa. Mwezi ujao ukirudi, unaangalia kati ya utakaowashika wangapi wana alama na wangapi hawana. Hapo ndipo unajua wako wangapi kwa jumla. Ukiwabeba, umeua hesabu. Caleb angekata mkono wake kwanza."

Mayaka alimtazama yule kaa. "Rangi ya kucha ya wanawake?"

"Inakaa kwao kuliko inavyokaa kwangu."

Joyline alifungua ile ndoo, akatoa mmoja, wa pili, wa tatu. Akawageuza wote, kisha akaketi.

"Hakuna hata mmoja mwenye alama," alisema. "Na hawa wana watoto."

Alimwonyesha. Chini ya mkia wa jike mmoja, uliokunjwa kama mfuko, walijazana vijikaa vidogo kama punje za mtama, wote wanatambaa.

"Kaa wa maji baridi hubeba mayai hapa. Yanaanguliwa hapahapa, na watoto wanakaa na mama mpaka wajiweze. Osiri hatujaona jike mwenye watoto kwa misimu miwili. Wanashika mayai vizuri, halafu yanageuka rangi, yanaanguka. Tumebaki na wazee watupu."

"Kwa nini yanaanguka?"

"Zebaki. Iko kwenye matope, wao hula matope."

"Basi kaa wa Osiri wanaisha."

"Walikuwa wanaisha. Mwezi wa saba wakaongezeka ghafla, wakubwa, wazima, hawana alama." Alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Caleb alicheka siku hiyo. Akaniambia, 'Joyline, kijiji kisichozaa hakiwezi kuamka asubuhi kimejaa vijana. Kuna mtu anawaleta.' Akasema atalala kwa rafiki yake kule, ajibanze kijitoni alfajiri amwone."

"Mbona hakuja polisi?"

"Angesema nini? Kwamba kuna mwizi anayeiba kinyumenyume?"

Mayaka hakucheka. Alichomoa jani moja ndoani, nene, linang'aa, kikonyo chake kimevimba. "Na hili?"

"Gugu maji. Kijito cha Osiri hakina. Hapa Homa Bay ndiko limejaa mpaka boti zinakwama."

Kumbe aliishika kesi kichwa chini miguu juu tangu mwanzo! Ndoo haikuwa inatoka kijitoni, ilikuwa inakwenda. Haikuwa ya marehemu. Mwenye ndoo alikuja na kaa wa ziwani alfajiri, akamkuta Caleb anamsubiri, na alipokimbia akaiacha.

Walishuka ufuoni kwa miguu. Ghuba lote lilikuwa kijani, na wanaume kadhaa walikuwa wanachambua nyavu, samaki huku, takataka kule. Kaa walikuwa upande wa takataka.

"Kuna mtu hununua kaa hapa?" Mayaka aliuliza.

Walicheka mpaka mmoja akaangusha wavu. "Kaa? Afande umetoka wapi? Huku hata paka hali kaa."

"Hakuna hata anayeomba bure?"

Kicheko kilipungua. Mvuvi mmoja aliyeitwa Bonface, mwenye kofia ya sufi, alijikuna shingo.

"Labda yule mama wa dawa."

"Dawa gani?"

"Mimi sikuuliza, mambo ya wamama. Anakuja Jumanne akitoka hospitali, anasema anataka kaa wa dawa. Sisi tunamchotea tu, si tunatupa? Tunafunika na majani wasikufe njiani."

"Hospitali anafuata nini?"

"Bibi yangu alimwona kwa laini ya kliniki. Ile ya wamama wako na mimba. Lakini yeye mwenyewe hawezi kusema, anajificha na hiyo koti."

Mayaka alimsogelea. "Koti gani?"

"Ya mwanaume. Rangi ya kahawia. Mfuko ilikuwa imeraruka, nikamshonea na uzi ya nyavu." Bonface alitabasamu kwa kazi yake nzuri. "Ya kijani."

Gari lilikwisha kupita Rongo. Ongeri alivumilia kadiri alivyoweza.

"Afande, tumempata. Mbona uko kama mtu amefiwa?"

"Endesha."

Alikuwa anapima jambo ambalo hakutaka hata Ongeri alijue. Angeweza kunyamaza. Mkuu wa kituo alimtaka Otieno, na Otieno mwenyewe alijitaka. Kesho asubuhi korti ingempokea, na mama angebaki huru na mimba yake. Nani angelalamika? Joyline angemzika mwenzake na kurudi kwenye mabeseni yake. Ila mtu asiye na hatia angening'inia, na Mayaka ndiye pekee katika dunia nzima ambaye angejua. Alitafuna kidonge cha tumbo, kikawa kichungu, akakitafuna hivyohivyo. Aliomba, kwa kweli aliomba, kwamba makoti mawili ya kahawia yenye uzi wa kijani yawe yanatembea katika mkoa huu.

Walifika Osiri jua likiwa bado liko juu ya miti. Vinu vya kusaga mawe vilikuwa vinanguruma. Phelesia alikuwa nje ya kibanda chake, ameketi mbele ya karai, anakamua kitambaa. Zebaki ilitoka kati ya vidole vyake, matone meupe yanayokimbia, na ndani ya kitambaa kikabaki kidonge cha dhahabu kisichozidi punje ya mahindi. Koti lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, limefuliwa.

Mayaka alivuta gunia tupu akaketi juu yake, ili asiongee naye akiwa amesimama.

"Leo hukuleta chakula, mama."

"Otieno amekataa kukula. Ametuma mtu aniambie nisirudi huko."

"Jumanne ulikuwa Homa Bay."

"Nilienda kununua omena."

"Iko wapi?"

Phelesia alikunja kitambaa mara mbili.

"Nimetoka ufuoni kwa Bonface," Mayaka alisema. "Aliyekushonea mfuko."

Mikono ilisimama.

"Kesho Otieno anapelekwa kortini. Amekubali kila kitu. Anasema alimpiga Caleb na mtaimbo kwa paji la uso, mara nyingi."

"Haikuwa mtaimbo."

Lilimtoka lenyewe. Akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakishusha, na mabega yake yote yakashuka nacho. Ongeri alifungua daftari, lakini Mayaka akamwashiria asubiri.

"Ilikuwa nini, mama?"

"Jiwe."

"Paji la uso?"

"Nyuma. Alikuwa ameinama."

"Anza mwanzo. Kaa ulianza kuwaleta lini?"

"Baada ya baraza." Aliongea akiangalia karai. "Chifu alisema kaa wakiisha tunafungwa. Tukifungwa tunarudi nyumbani kwa kina Otieno. Huko wanamtafutia bibi mwingine, afande, kwa sababu mimi sina mtoto. Hapa angalau hakuna mtu ananiuliza. Na kwa ile kliniki niliona wale kaa wanatupwa. Nikasema, si hawa wanaweza kuishi kwetu?"

"Nani alijua?"

"Hakuna."

"Otieno?"

"Hata Otieno. Alijua mimba, hiyo tu. Tulikubaliana tusiiseme kwa mtu."

"Haya. Jana asubuhi."

"Nilifika kijitoni, Caleb akatoka kwa mafunjo. Nilishtuka karibu nianguke. Lakini hakunipigia kelele. Alicheka. Akasema, 'Kumbe ni wewe, shemeji! Kumbe mwizi wangu ni wewe!' Akafungua ndoo, akashika kaa mmoja, akanionyesha watoto chini ya tumbo. Akaniambia wa hapa hawafiki hivi. Wanaangusha. Akasema ni hii dawa, hii zebaki, tunashika na mikono."

"Ulikasirika?"

"Hapana. Nilimbembeleza. Nikamwambia hesabu hawa tu, shemeji, nani atajua?"

"Akakataa."

"Akakataa. Hata hapo sikukasirika." Aliweka kitambaa chini. "Halafu akaangalia hapa." Alionyesha tumboni, juu ya gauni. "Sijui alijuaje, koti nilikuwa nimefunga. Akaanza kuhesabu."

"Kuhesabu nini, mama? Kaa?"

"Wangu."

Mayaka hakuelewa, kisha akaelewa.

"Alikuwa anajua wote, si amekuja hapa miaka mitatu? Akasema, 'Shemeji, fikiria. Wa kwanza ulimpoteza mwaka ule nilianza kazi. Wa pili, mwaka jana. Wa tatu, baada ya Krismasi.' Anakunja vidole, afande. Halafu akanyoosha kidole kwa huyu. Akasema, 'Na huyu ni wa nne.'"

Mayaka alilelewa na nyanya yake kule Kisii. Kwao, kama huku, mtu hahesabu watoto. Ukiulizwa unao wangapi, unasema wapo. Hata ng'ombe hawanyooshewi kidole zizini. Kuhesabu walio hai ni kukionyesha kifo njia ya kuingilia, na kumhesabu ambaye hajazaliwa, katika mstari mmoja na waliokufa, ni jambo ambalo nyanya yake asingelisema hata akiwa mlevi. Caleb alilijua hilo. Alikuwa mtoto wa Rusinga, alinyonya maziwa hayohayo. Lakini miaka mitatu alikuwa hafanyi lingine ila kuhesabu, na siku ile akiwa na haraka ya kumwokoa mtu alisahau alikuwa anaongea na nani.

"Nilimwambia wacha," Phelesia alisema. "Nilimwambia tena, wacha kuhesabu, tafadhali. Akafikiri sijaelewa. Akarudia pole pole, kama mwalimu. Wa kwanza. Wa pili. Akainama kumrudisha yule kaa kwa maji, na bado anahesabu. Wa tatu. Nikajua akifika kwa huyu tena, huyu ameenda. Jiwe lilikuwa hapo."

Vinu viliendelea kunguruma. Ongeri alikuwa amelifunga daftari.

"Alianguka majini," Mayaka alisema.

"Nilikimbia. Nilijua ataamka anitukane mbele ya watu. Nilimwambia Otieno nimempiga Caleb, akaenda kuangalia kwa mbali, hakukaribia. Akarudi, akaniambia Caleb amekufa, nifue koti na ninyamaze, yeye ataongea." Kwa mara ya kwanza alimtazama Mayaka usoni. "Atatoka?"

"Atatoka leo jioni. Nitamfungulia mwenyewe."

Phelesia alitikisa kichwa kukubali. Hakulia. Mayaka alisimama, akamsomea shtaka la mauaji na haki zake kwa sauti ya chini, kama anayesoma karibu na mgonjwa. Ongeri akatoa pingu, na Mayaka akamtazama mpaka akazirudisha kiunoni.

"Afande," Phelesia alisema. "Wewe umeongea na watu wa kusoma. Caleb alikuwa ananitisha tu, ama ni ukweli?"

Ilikuwa rahisi kudanganya. Jana alikuwa amemdanganya kuhusu chakula na hakuna aliyeumia. Lakini huyu alikuwa na miezi mbele yake, na yule aliyejaribu kumwambia alikuwa mochari.

"Ni ukweli, mama. Alikuwa anataka huyu akae."

Phelesia akaitazama mikono yake, viganja juu, na katika kila mstari wa kiganja kulikuwa na mng'ao wa kijivu. Akaomba sabuni. Ongeri alikimbia kwa jirani akarudi na kipande, akachota beseni la maji kwenye pipa lililokuwa mlangoni. Phelesia alisugua viganja, vidole, na chini ya kucha, akasugua mpaka povu likaisha. Halafu akasimama akiliangalia beseni.

"Haya maji ni ya kijito," alisema.

Mayaka alikuwa na chupa ya maji ya kunywa garini. Alimmiminia yote, na hayakutosha.

Walimweka kiti cha nyuma, kando ya Ongeri, na Mayaka akashika usukani. Barabara ya Migori ilikuwa mbovu kama siku zote. Njia nzima Phelesia alikaa ameinyoosha mikono mbele yake, mbali na tumbo, na gari liliporuka kwenye mashimo hakushika chochote.